Kaniki Fupi Katika Nchi ya Kimoni

Ya njiani tuyaache njiani. Kila aliyesafiri anayo yake. Tumkute Nyamizi akiwa amekwisha kufika nchi ya Kimoni, amesimama kwenye lango la Karakana Kuu kwa mara ya tatu maishani mwake, daftari kwapani, kaniki yake imeviringwa na kufungwa uzi, na uso wa mgeni anayejua choo kiko upande gani bila kuuliza.

"Wewe tena," alisema Bwana Kadiri.

"Mimi tena. Shikamoo, Bwana Kadiri."

"Marahaba. Nilidhani ulishaolewa."

"Bado. Nilikuwa na shughuli ya kukataliwa na nyinyi."

Bwana Kadiri hakucheka. Alikuwa karani wa lango na pia Mlinzi wa Ufito, vyeo viwili alivyovibeba kwa shingo moja iliyonyooka sana. Alikuwa akifuta meza yake kwa kitambaa cheusi kizuri, na kila alipokigeuza Nyamizi aliona jina lililotariziwa pembeni: Mabula. Alimkumbuka. Mwaka jana walikaa benchi moja. Mabula alikuwa amebuni mashine ya kubangua karanga bila kuzivunja, na ilikuwa safari yake ya tatu.

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe, kwa hiyo tuisimulie vizuri.

Wakimoni ni watu wapole, wasafi, wenye desturi moja kubwa ambayo nchi zote jirani zimeiga ili zisionekane za kishamba. Anayesomea ufundi, kila mwaka katika ile miaka minne ya masomo, husimamishwa uwanjani mbele ya Mpimaji. Kivuli chake kinapoanguka chini, Mpimaji hukipima na kukata kipande cha kaniki chenye urefu uleule. Mwaka wa nne ukiisha, vipande vinashonwa pamoja, kimoja chini ya kingine, na kuanzia hapo hicho ndicho wewe. Ukitaka kazi, kaniki. Ukienda kuposa, wazee wa upande wa pili wataomba kwanza waione kaniki. Na ukitaka kuingia Karakana Kuu, ambako hubuniwa pampu na madaraja yanayosifiwa hadi kwetu, kaniki huja mwanzo na mengine hufuata, kama muda utaruhusu.

Sasa, mtoto yeyote aliyewahi kukimbizana na kivuli chake anajua kwamba asubuhi kinarefuka kama mnazi, na saa sita mchana kinajificha chini ya nyayo. Wakimoni nao wanajua, si wajinga. Lakini sheria yao ya kumi na moja inakataza kulitaja jua ndani ya jengo lolote la umma. Wakibanwa sana husema "lile la juu", kisha wanakohoa. Wanaopimwa asubuhi ni wale wenye nyumba karibu na uwanja, au wenye shangazi anayemfahamu Mpimaji. Na ndio hao waliokuja kukua na kuitunga sheria ya kumi na moja, kwa nia njema kabisa, maana walitaka watu wote wapimwe sawa bila visingizio.

Ndani ya ukumbi wa Karakana, kaniki za waombaji huanikwa kwenye kamba iliyofungwa juu. Chini yake, usawa wa bega la mtu mzima, umelazwa ufito wa mpingo. Kaniki ikifika kwenye ufito, mwenyewe husomwa: daftari lake linafunguliwa, barua ya mwalimu wake inafunguliwa, naye anaulizwa maswali. Isiyofika hukunjwa. Hakuna anayemchukia mwenye kaniki iliyokunjwa. Inakunjwa kwa upole, pembe kwa pembe, na karani anabandika juu yake fomu yenye maneno, "Tumevutiwa sana na maombi yako." Ikikunjwa mara ya tatu hairudishwi tena. Inabaki hapo langoni, na meza za ofisi zinafutwa kila siku.

Ya Nyamizi ilikuwa imekunjwa mara mbili.

Kipande chake cha kwanza kilitosha kufungia vitumbua vinne. Cha pili kilikuwa kifupi zaidi ya hicho. Cha tatu cha wastani, wala hakimwaibishi mtu. Cha nne kirefu, cha kujivunia, ila kilikuwa kimoja tu. Mwaka wa kwanza alikaa mbali, akachelewa. Mwaka wa pili hakuwa mbali hata kidogo. Alikuwa ndani ya kisima, akatokea uwanjani saa sita mchana. Kwao Ngulumbi mchanga ulikuwa ukiila vali ya pampu, kile kifuniko kidogo cha ndani kinachoruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi, kila baada ya wiki tatu. Nyamizi aliteremka kisimani na mpira wa tairi la lori, mkasi na daftari. Alikata vali arobaini na moja zilizoshindwa. Ya arobaini na mbili ikakubali, na mpaka siku hii tunayoisimulia ilikuwa imefanya kazi miaka minne bila kuguswa.

Tatizo ni kwamba vali hiyo ilikuwa na uwezo hadi futi tisini. Maji ya Ngulumbi yalikuwa yakishuka kila kiangazi, na kiangazi kile yalikuwa futi themanini na nne. Zilikuwa zimebaki sita. Ili kutengeneza ya kina zaidi alihitaji shimo la kujaribia, refu, lenye ngazi na taa na vipimo, na shimo la namna hiyo lilikuwa moja tu katika nchi zote alizozijua: futi mia tatu, nyuma ya karakana, ng'ambo ya meza ya Bwana Kadiri.

"Weka hapo," alisema Bwana Kadiri. Aliipokea kaniki, akaipima kwa macho kabla hata hajaifungua, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. "Baraza ni siku ya tisa. Daftari nalo utalileta siku hiyo, ingawa..."

"Ingawa nini?"

"Ingawa nini tena, binti? Unajua."

Alifikia kwa Mama Siwema, kama miaka yote. Mama Siwema alikuwa na nyumba ya wageni nyuma ya ukuta wa Karakana, naye alijisifu kwamba amewalisha waliokataliwa wengi kuliko mtu yeyote nchini. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya juu, na huruma yake ilikuja kila mara imevaa matusi madogo.

"Haya, ndugu zangu, mtalii karudi," alitangaza jikoni. "Mara ya kwanza uliwaambia nini wale?"

"Niliwaeleza habari ya jua. Niliwachorea na mchoro."

"Wakafanyaje?"

"Walikohoa mpaka nikatoka."

"Na mara ya pili?"

"Sikusema kitu. Niliona bora nikae na adabu."

"Wakaikunja na adabu yako ndani. Safi sana." Mama Siwema alimsogezea sahani ya maharage. "Sasa hebu niambie, safari hii umemwandikia nani huko ndani?"

"Nimeliandikia Baraza, kama inavyotakiwa."

"Baraza!" Mama Siwema aliweka upawa chini. "Baraza lina mkono?"

Nyamizi hakuelewa, na hapo ndipo alipoelezwa Sheria ya Mkono, ambayo Wakimoni hawaifichi wala hawaitangazi. Kaniki ikipungua, fundi yeyote wa Karakana anaruhusiwa kwenda kusimama chini yake, anyooshe mkono na kuushika upindo kwa vidole. Mkono wake utahesabiwa kuwa kitambaa. Lakini ni lazima ashike mpaka mjadala uishe, bila kubadili mkono, bila kukanyaga kitu, bila kuegemea. Vidole vikiachia, kaniki inakunjwa papo hapo. Ndiyo maana mafundi wengi hawashiki, kwa sababu mabega yao wanayahitaji kwa kazi.

"Mama, kwa nini hukuniambia miaka miwili iliyopita?"

"Uliniuliza? Ulikaa hapo hapo ukilia kuhusu jua."

Mchana ule ule, nje ya mlango wa Mama Siwema, kijana mmoja aliyevaa koti la heshima alimvuta Nyamizi pembeni. Alikuwa na mkoba uliojaa vipande vya kaniki vya kila urefu. "Dada, nakuunganishia cha mkono mmoja tu, hapa katikati. Uzi hauonekani. Nusu ya Baraza wameshonewa na baba yangu." Nyamizi alikishika kitambaa, akakisugua kwa vidole, na tusimsingizie utakatifu: alikisugua muda mrefu. Kilichomzuia kilikuwa kitu kidogo tu. Aliona jinsi mshono ungekuwa kati ya kipande cha pili na cha tatu, pale pale pa mwaka wa kisimani, na mkono wake ulikataa kupadanganya mahali pale. Akamrudishia.

Siku nne alizitumia kunakili majaribio yote arobaini na mawili kwa mkono, na siku ya tano akamwandikia barua fundi wa pampu wa Karakana. Ya kwanza ilianza, "Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa na elimu." Mama Siwema, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake bila kualikwa, alisema kwamba hata mbuzi wake angeandika hivyo. Ya pili ilikuwa hii:

"Fundi Songoro, shikamoo. Vali yangu ya ishirini na tisa ilipasuka pembeni, si katikati, kwenye futi hamsini. Nimesikia zako za ngozi zilipasuka vivyo hivyo. Nadhani ni mchanga unaojikusanya ukingoni. Nimechora hapa chini. Majaribio mengine nimeyaambatanisha. Kaniki yangu ni fupi. Nyamizi wa Ngulumbi, kwa Mama Siwema."

Hakujibiwa siku ya sita, wala ya saba. Siku ya nane Mama Siwema alimkaangia samaki bila kuombwa, na Nyamizi akajua hali ni mbaya.

Siku ya tisa ukumbi ulijaa. Waombaji walikuwa mia mbili na kumi, nafasi kumi na nne. Wajumbe saba wa Baraza walikaa juu ya jukwaa, na nyuma ya kila mmoja ilining'inia kaniki yake mwenyewe, ndefu, nyingine zikiburuza sakafuni kama mapazia ya nyumba ya harusi. Mwenyekiti alikuwa Bi Hidaya, mwanamke mwembamba wa miwani ambaye inasemekana hajawahi kukosea hesabu tangu alipoota meno.

Kazi ilikwenda haraka. Inafika, isomwe. Haifiki, ikunjwe. Bwana Kadiri alikunja kwa ustadi wa kupendeza. Kijana mmoja mbele ya Nyamizi alisema "asante" kabla hajafahamu kilichompata.

"Nyamizi binti Kasonda, wa Ngulumbi."

Kaniki ilipanda kambani, ikajikunjua, ikasimama. Kutoka upindo wake hadi ufito palikuwa na nafasi ya mkono mzima wa mtu mrefu.

"Haifiki," alisema Bwana Kadiri, bila furaha wala huzuni. "Ikun—"

"Acha hiyo."

Mtu aliingia kupitia mlango wa karakana huku akifuta mikono kwenye ovaroli. Alikuwa na miaka kama sitini, mvi zimechanganyika na grisi, na jambo la kwanza ambalo Nyamizi aliliona kwake lilimfanya afumbe macho: Fundi Songoro alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi hasa, wa kuombewa kiti.

Alikwenda chini ya kamba, akatazama juu, akanyoosha mkono wa kulia. Haukufika. Ukumbi ulianza kucheka. Fundi Songoro aliinuka juu ya vidole vya miguu, akanyooka, akanyooka tena pale ambapo mtu angedhani amekwisha, na vidole vyake viwili na gumba vikaushika upindo.

"Nimeshika," alisema. "Someni. Na msomaji awe na mbio."

Bwana Kadiri alikohoa. "Mwenyekiti, kabla hatujasoma, ningependa kulikumbusha Baraza historia ya ufito. Ufito wa kwanza ulikatwa katika mwaka wa—"

"Bwana Kadiri," alisema Songoro kutoka kule juu, "huo ufito nimeuchonga mimi. Wa kwanza ulitafunwa na mchwa. Endelea."

"Pia kuna suala la mkono wenyewe. Fundi amevaa ovaroli. Je, kinachohesabiwa ni mkono au ni shati? Kwa sababu kama ni shati, basi ni kitambaa, na kama ni kitambaa hakikupimwa."

Wajumbe wawili waliliona hilo kuwa hoja nzito. Walijadiliana. Mmoja alipendekeza kamati ndogo. Nyamizi alikuwa amekaa benchi la mbele, na hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akiutazama mkono. Kwanza ulitulia. Kisha msuli mmoja chini ya kwapa ulianza kucheza peke yake, kama kidevu cha mtoto anayejizuia kulia.

"Ni mkono," aliamua Bi Hidaya hatimaye. "Fundi, kwa nini unamshikia huyu? Miaka kumi na moja hujamshikia mtu."

"Mwaka huu nimeletewa madaftari mia mbili ya mambo yaliyofaulu. Huyu kaniletea arobaini na moja yaliyoshindwa, na kila moja lina sababu yake." Alivuta pumzi. "Tisa kati ya hayo yalinishinda mimi pia. Nilikuwa sijui kwa nini. Sasa najua."

"Barua ya mwalimu wake isomwe."

Kwa kawaida barua za walimu huko Kimoni zote husema kwamba mwanafunzi huyu ni bora kuliko wote katika miaka kumi, na mwalimu mmoja huweza kuandika hivyo mara ishirini kwa mwaka. Hii ilikuwa na mstari mmoja. Bwana Kadiri aliisoma huku akitafuta kama kuna ukurasa wa pili:

"Sijawahi kumwona akiwahi darasani, wala kumwona akiwahi kuondoka karakana."

Kicheko kidogo kilipita kwenye mabenchi. Bi Hidaya alivua miwani.

"Mwombaji asimame. Kipande chako cha pili." Alikinyooshea kidole pale kambani. "Ulipimwa saa ngapi?"

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine alidondosha kalamu. Hakuna aliyewahi kusikia swali hilo likiulizwa ndani ya jengo lile. Kutoka saa hadi lile la juu ni hatua moja tu. Mlango ulikuwa wazi. Nyamizi alikuwa na maelezo ya kurasa mbili, aliyoyaandaa kwa miaka miwili, akiyarudia akiwa anaosha vyombo: umbali, uwanja, nyumba za karibu, mashangazi, pembe, mchoro. Kila neno ndani yake lilikuwa la kweli. Alifungua mdomo. Kisha akauona mkono wa Fundi Songoro. Sasa ulikuwa ukitetemeka mpaka begani, na jasho lilikuwa likiteremka kutoka kiwiko chake tone kwa tone. Kila sentensi ilikuwa inalipiwa na bega la mzee wa watu.

"Nilichelewa," alisema. "Mwaka wa kwanza nilichelewa, wa pili nilikuwa kisimani. Wa nne niliwahi. Nilichokipata kisimani kimo humo daftarini."

Akafunga mdomo.

Ukumbi ulisubiri mengine. Hayakuja. Mjumbe mmoja mzee, aliyekuwa amejiandaa kusinzia wakati wa maelezo, alionekana kukosa cha kufanya.

"Basi?" aliuliza Bi Hidaya.

"Basi, Bi Mwenyekiti."

Bi Hidaya alilivuta daftari. Akalifungua. Akaanza kusoma, na hapo Nyamizi alielewa kwamba kuna watu wasiojua kusoma haraka, na kwamba mara nyingi ndio wenye akili zaidi. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Kidole chake kilifuata mistari.

"La kumi na saba. 'Vali imeliwa na mbuzi.' Hili ni jaribio?"

"Mpira ulikuwa na chumvi. Nikabadilisha."

"La ishirini na tatu. Ulijuaje kwamba haikuwa pampu?"

"Niliibadilisha pampu."

"Ulipata wapi pampu nyingine?"

"Ya shule."

"Walikuruhusu?"

"Baadaye."

Mtu alicheka kwa sauti; alikuwa Fundi Songoro, na kicheko kilimponza. Gumba liliteleza. Upindo wa kaniki ulibaki umebanwa na vidole viwili, kimoja kimejikunja juu ya kingine, vyeupe kama mifupa. Bwana Kadiri alisogea hatua moja, mikono yake tayari imenyooka kwa ajili ya kukunja.

"Mwenyekiti," alisema, "muda wa chakula umefika. Napendekeza tuahirishe hadi—"

"Hatuli," alisema Bi Hidaya bila kuinua macho. "Pigeni kura. Akunjwe au aingie."

"Akunjwe," alisema wa kwanza. "Akunjwe," wa pili. Wa tatu alimtazama Songoro, akasema aingie, upesi, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo kichwani. "Aingie," wa nne. "Akunjwe, sina ubaya naye, ila tutawaambia nini wengine?" "Aingie."

Tatu kwa tatu. Bi Hidaya alikuwa bado anasoma. Nyamizi alitaka kupiga kelele. Mwenyekiti aligeuza ukurasa, akaurudisha, na aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mkutano.

"Katika daftari langu mimi," alisema, "kurasa za namna hii nilizichana."

Yeye mwenyewe alionekana kama amesikia kauli hiyo kutoka kwa mtu mwingine. Akavaa miwani yake.

"Aingie. Kwa masharti. Mwaka wa kwanza atasoma hesabu zote na wanaoanza, na atapimwa kama wao, na kipande hicho cha tano kisipofika nitakikunja mwenyewe kwa mikono yangu. Umesikia, binti?"

"Nimesikia."

"Na atawahi."

"Nitawahi, Bi Mwenyekiti."

"Fundi, achia."

Fundi Songoro aliachia. Kaniki iliyumba kidogo kambani, ikatulia. Bwana Kadiri aliitazama kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo tunaliandika hapa kwa haki: alichukua kalamu, akafuta maneno "Tumevutiwa sana" kwenye fomu aliyokuwa ameshaiandaa mapema, na chini yake, kwa mwandiko mdogo wa aibu, akaandika "Karibu". Hakuwa na fomu yenye neno hilo karibu naye.

Nyamizi alitaka kwenda kumshukuru fundi, lakini alikaa sakafuni, pale pale mbele ya Baraza, kama mtu aliyeteremshwa na kamba.

"Unalia?" aliuliza Songoro, akija kusimama juu yake.

"Silii, Mwalimu. Nimekaa tu."

"Haya, inuka tutoke. Hawa watu wataanza kuzungumzia ufito tena."

Aliinuka. Ndipo alipoona kwamba vidole vimeachia lakini mkono wenyewe haujashuka. Ulikuwa bado juu, umenyooka wima pembeni mwa kichwa, umekakamaa kama mhimili. Songoro aliutazama kwa udadisi, kama mtambo wa mtu mwingine. Bi Hidaya alishuka jukwaani, akausugua begani, akaubonyeza. Haukusogea.

"Utashuka wenyewe," alisema Songoro. "Mwaka ule mwingine ulishuka baada ya chakula."

Wakatoka kupitia mlango wa karakana, yeye mbele, Nyamizi nyuma na daftari. Ulikuwa ua mrefu, umejaa watu kazini: wanaofua chuma, wanaopaka rangi, wanaosukuma matoroli. Kila aliyemwona Fundi Songoro anakuja na mkono umeinuliwa alidhani anasalimiwa. Mfua chuma alipunga nyundo. Wanawake wa ghala la mbao walipunga wote kwa pamoja. Mtu mmoja juu ya paa, ambaye inasemekana hakuwa amesalimiana na Songoro tangu ugomvi wa mwaka fulani, alisita, akatazama kulia na kushoto, kisha naye akapunga, polepole, akiwa na machozi machoni.

"Mwalimu," alisema Nyamizi, tumbo linamuuma kwa kicheko alichokuwa akikibana, "yule juu ya paa analia."

"Mwache. Nitamweleza kesho. Au nisimweleze."

Wakafika kwenye ukingo wa shimo. Lilikuwa na ukuta mfupi wa matofali na ngazi ya chuma iliyoteremka hadi kwenye weusi mtupu, na hewa ya baridi ilikuwa ikipanda kutoka chini ikiwa na harufu ya maji. Nyamizi aliinama, akatazama. Futi mia tatu. Alijaribu kuiona futi ya tisini ingekuwa wapi, akaona ni pale juu tu, karibu kabisa, kama hatua ya kwanza ya nyumbani kwa mtu.

"Tunaanza lini?" aliuliza.

"Mkono ukishuka."

"Na utashuka lini?"

Fundi Songoro alijaribu kuushusha, akashindwa, akakaa juu ya ukuta na mkono wake hewani kama mwanafunzi mwenye swali.

"Sijui," alisema. "Kaa hapa upumzike. Ni muda mrefu sana hujapumzika wewe."

Nyamizi akakaa.